Je, wajua kompyuta zinakubalianaje saa, wakati hata jibu la "saa ngapi" linachelewa njiani?

Chukua mtu yuko zake Kariakoo, anadaiwa mkopo wa kwenye simu, mara kaingiziwa elfu hamsini na deni likakatwa hapo hapo kabla hata hajafungua meseji. Kwake ni kitu kimoja tu kimetokea, ila nyuma ya pazia zimehusika kompyuta kibao, ya benki ilikotoka hela, ya kampuni ya simu, ya mkopeshaji, na kila moja imeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba jambo fulani limetokea saa fulani, kwa kuangalia saa yake yenyewe. Sasa moja ikiwa nyuma kwa sekunde mbili tu, siku mkizikutanisha hizo kumbukumbu kutafuta ukweli mtasoma kwamba deni lilikatwa kabla hela haijaingia. Na mteja kashafika ofisini analalamika, nani anasema kweli?

Ndo maana hili swali la kompyuta kukubaliana saa mi naliona kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wengi wanadhani ni suala la kununua saa nzuri basi. Hapana. Saa nzuri ni sehemu ndogo, kazi iko kwenye kuuliza na kujibiwa.

Kwanza tuelewe kwa nini saa zinapishana. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi, ukikipa umeme kinatetemeka, na kile cha kwenye saa za mkononi na saa ya akiba ya kompyuta kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kompyuta inahesabu mitetemo, ikifika idadi hiyo inasema sekunde imepita. Tatizo hakuna fuwele mbili zinazotetemeka sawasawa, kupishana kwa sehemu 20 katika milioni ni kawaida kabisa, na ukipiga hesabu hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Alafu kuna joto. Hizi fuwele za saa zinatengenezwa ziwe sahihi kwenye nyuzi joto 25 hivi, ukizitoa hapo kwenda juu au chini zinaanza kuchelewa, na zinachelewa kwa kasi inayokua. Kwa hiyo chumba cha seva hapa Dar mwezi wa pili, AC imekufa, ndani nyuzi 45, saa inaweza kupoteza sekunde moja na kidogo kwa siku kwa sababu ya joto peke yake.

Sasa suluhisho la haraka si kuuliza mwenye saa sahihi? Ndiyo, ila hapo ndo utamu wa hii habari unapoanzia.

Tuseme uko Mbagala, saa yako huiamini, na saa sahihi iko Posta mjini. Simu hakuna. Unamtuma kijana wa bodaboda na karatasi. Anaondoka kwako saa yako inasema saa mbili kamili asubuhi, mnaandika. Anafika Posta, saa ya kule inasema saa mbili na dakika 50, anaandika. Anapumzika dakika kumi, anaondoka saa tatu kamili ya Posta, anaandika. Anarudi kwako saa yako inasema saa tatu na dakika 20, mnaandika. Una namba nne kwenye karatasi na hizo nne ndo kila kitu. Kwa saa yako safari nzima imechukua dakika 80, toa kumi za kupumzika zinabaki 70 za barabarani, kwa hiyo unasema nusu ni kwenda na nusu ni kurudi, 35 kwa 35. Basi kama katumia 35 kwenda na kafika saa mbili na 50, aliondoka kwako saa mbili na robo ya ukweli, wakati saa yako ilisema saa mbili kamili. Umegundua uko nyuma dakika 15 bila hata kujua barabara ina urefu gani. Hesabu tamu sana.

Ila we mtu wa Dar ushaona tatizo liko wapi. Asubuhi Kilwa Road kwenda mjini ni foleni, kurudi Mbagala barabara nyeupe. Hakuna kitu kama 35 kwa 35! Labda alitumia 50 kwenda na 20 kurudi. Rudia hesabu kwa namba zile zile: aliondoka saa mbili kamili, dakika 50 njiani, kafika saa mbili na 50, kaondoka saa tatu, dakika 20, kafika saa tatu na 20. Yaani saa yako ilikuwa sahihi kabisa tangu mwanzo na hesabu imekudanganya dakika 15! Na ukikaa na ile karatasi mwaka mzima, zile namba nne haziwezi kukuambia ipi kati ya hizo mbili ndo kweli. Kitu pekee una uhakika nacho ni kwamba kosa haliwezi kuzidi nusu ya muda wa barabarani, dakika 35, kwa sababu njia ya upande mmoja haiwezi kuchukua chini ya sifuri.

Hivyo hivyo ndo kompyuta zinafanya, kwa mihuri minne ya muda, na utaratibu wake unaitwa NTP. Aliyeubuni ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani, maelezo yake ya kwanza yakatoka mwaka 1985, na unatumika mpaka leo kwenye simu na seva dunia nzima. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho na miaka ya baadaye akapoteza uwezo wa kuona, ila kazi hakuiacha, alifariki Januari 2024. Binafsi namheshimu mno huyu mzee, mabilioni ya watu wanatumia kazi yake kila siku na jina lake hawalijui.

Kosa la foleni Mills hakuweza kulifuta, hakuna anayeweza, ila alilibana. Kompyuta haiulizi mara moja, inauliza tena na tena kila baada ya dakika moja mpaka dakika 17 hivi, inatunza majibu nane ya mwisho na kuliamini zaidi lile lililokwenda na kurudi haraka kuliko yote, maana safari fupi haina nafasi ya kuficha foleni kubwa. Alafu haiulizi seva moja tu, inashauriwa ziwe nne au zaidi, ili moja ikiwa inadanganya wenzake waikatae.

Ndo maana pia umbali una maana sana kwetu. Mwanga ndani ya kebo ya faiba unakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, ukiwa Dar ukauliza seva ya Ulaya kupitia kebo za baharini, tuseme kilomita elfu kumi, hapo ni milisekunde 50 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) kwenda na 50 kurudi kabla hujaweka vifaa vya njiani. Nusu ya safari ni milisekunde 50, na huo ndo mpaka wa kosa lako. Ukiuliza seva iliyoko hapa hapa mjini safari ni milisekunde chache, kosa linabanwa kwenye kachumba kadogo. Kwa hiyo watu wa netiweki wa hapa kama mnaweza, wekeni seva za saa za nyumbani, msiiachie kila kompyuta ya ofisi ikaulize saa Ulaya.

Kitu kingine ambacho nakipenda ni jinsi saa inavyorekebishwa. Ikigundulika kompyuta imekimbia mbele sekunde moja huwezi kuirudisha nyuma ghafla, kwa sababu programu nyingi zimeandikwa kwa imani kwamba muda unakwenda mbele tu, ukiurudisha basi kumbukumbu zinajirudia na yale mambo ya deni kukatwa kabla ya hela kuingia unayatengeneza mwenyewe ndani ya mashine moja. Kwa hiyo tofauti ikiwa ndogo inapunguzwa mwendo taratibu, kwenye ntpd, programu ya asili ya NTP, si zaidi ya nusu milisekunde kwa kila sekunde, mpaka ukweli uikute. Sekunde nzima ukiirekebisha hivyo inachukua kama dakika 33.

Uzito wa jambo hili ulionekana usiku wa kuamkia Julai 1, 2012. Dunia haizunguki sawasawa na saa za atomi, kwa hiyo tangu 1972 zimeongezwa sekunde za ziada 27 ili saa zilingane na jua, na ile ya 2012 kwa saa zetu iliingia usiku mwishoni mwa dakika ya mwisho kabla ya saa tisa kugonga, dakika hiyo ikawa na sekunde 61. Kompyuta nyingi zinazoendeshwa na mfumo wa Linux zilikuwa na kasoro, sekunde ile ikazivuruga, mtandao wa Reddit ukaanguka, na mfumo wa kuandikisha abiria uliokuwa unatumiwa na ndege za Qantas za Australia ukakwama. Google wao walishaanza kuitawanya hiyo sekunde kidogo kidogo kwenye masaa mengi ili kompyuta isiione. Ya mwisho iliongezwa mwisho wa 2016, na mwaka 2022 mataifa yaliazimia kuachana na huo utaratibu ifikapo 2035.

Na hiyo saa sahihi kabisa inatoka wapi? Chanzo ni saa za atomi. Tangu 1967 sekunde maana yake ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya siziamu. Seva za saa za kawaida haziwezi kuwa na mtambo huo, kwa hiyo nyingi zinachukua saa kwenye setelaiti za GPS, ambazo kila moja imebeba saa za atomi ikiwa kilomita 20,200 juu yetu. Wengi tunajua GPS kwa ramani za Bolt tu, ila kimsingi GPS ni saa, setelaiti inakutumia muda na simu yako inapima ujumbe huo ulichelewa kiasi gani njiani. Na zile saa za huko juu zinakimbia kuliko za hapa chini kwa maikrosekunde 38 (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) kila siku, kwa sababu ya mambo ya mvutano na mwendo aliyoyaeleza Einstein, ingekuwa hazijarekebishwa makusudi ramani yako ingekosea kwa kilomita kama kumi ndani ya siku moja tu.

Minara ya simu nayo inategemea hili. Kuna aina ya 4G na 5G ambayo mnara unatuma na kupokea kwenye masafa yale yale kwa zamu, sasa mnara wa Sinza na wa Manzese wasipokubaliana zamu ni ya nani, mmoja anaongea wakati mwenzake anasikiliza na wote wanaharibikiwa. Hapo kila mmoja anatakiwa asipishane na saa sahihi zaidi ya maikrosekunde 1.5, na NTP ya kupitia intaneti haifiki huko. Wanatumia GPS, au utaratibu mwingine unaoitwa PTP, uliosanifiwa 2002, ambao muhuri wa muda unagongwa kwenye tundu lenyewe la kebo badala ya kusubiri programu iamke, na vifaa vya njiani vinasema pakiti ya data ilikaa ndani yao muda gani ili utolewe. Yaani kila kituo kinakiri foleni yake.

Kwenye simu yako mwenyewe utaona athari. Ukiweka tarehe mwenyewe ukakosea mwaka, tovuti zinagoma kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na kuisha. Zile apu za kutoa namba sita za kuingilia akaunti zinabadilisha namba kila sekunde 30, simu ikiwa nyuma dakika kadhaa unakataliwa kila ukijaribu. Hata LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, japo siyo kusawazisha saa moja kwa moja: zile tokeni zinabeba ndani yake hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, nafasi ya namba ikawa inajaa Novemba 24, 2024, ndo maana kabla ya hapo TANESCO walituingizisha zile tarakimu za ziada kwenye mita.

Ila waliolipeleka mbali zaidi kwa maoni yangu ni Google, kwenye hifadhidata yao ya Spanner waliyoieleza mwaka 2012. Wao waliacha kabisa kuuliza "saa ngapi". Ukiuliza unajibiwa vitu viwili, sasa hivi si kabla ya muda huu na si baada ya muda ule, na kati yake ni milisekunde chache, kwa sababu kila kituo chao kina GPS na saa za atomi. Muamala ukipewa saa yake, seva inasubiri mpaka ile nafasi ya mashaka ipite ndo iutangaze, kwa hiyo muamala wowote utakaoanza baada ya hapo lazima upate saa ya mbele zaidi, hata kama uko bara lingine. Wamelipa milisekunde za kusubiri wakanunua mpangilio usio na utata wa nani katangulia.

Na kiasi cha mashaka ya mashine yako unaweza kukiona mwenyewe. Kama una Linux yenye chrony, programu ya kusawazisha saa kwa NTP, andika chronyc tracking, tafuta mstari wa Root delay, gawa kwa mbili, jumlisha na ule wa Root dispersion, alafu ongeza na tofauti iliyo kwenye mstari wa System time. Jibu ni kiwango cha juu ambacho saa yako inaweza kuwa imekosea muda huu. Jaribu kwanza na seva ya Ulaya, alafu ya hapa Dar.