"Sikutibiwa, niliongeleshwa tu kwenye simu"

Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Mpwapwa aliniambia hivyo, kadi ya kliniki mkononi. Nikaifungua. Kwenye hiyo simu "ya kuongeleshwa tu" tulimpandisha amlodipini, dawa ya presha, kutoka miligramu 5 hadi 10, na presha yake imeshuka vizuri. Nikamuuliza, "Mzee wangu, nani alikushusha hii presha?" Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana alikuwa wa nne siku hiyo.

Wengi wanaamini daktari asipokuwekea kipimo kifuani hajakutibu. Kwa presha iliyotulia, dozi haipangwi kwa kusikiliza kifua. Inapangwa kwa namba, dawa unazomeza na majibu yako. Tena namba unazopima mwenyewe nyumbani mara nyingi ni za kweli kuliko zangu. Umeamka saa kumi alfajiri, umebanana kwenye basi hadi Dodoma mjini, umepanga foleni dirishani, unaingia kwangu unahema. Hiyo 150/90 ni ya presha au ya safari? Ndiyo maana kliniki tunaanza kuhesabu presha ya juu kwenye 140/90, nyumbani kwenye 135/85.

Ila pima kama mtu anayetaka jibu. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Kaa dakika 5, egemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mdomo ufungwe. Pima mara mbili, andika zote mbili kwenye daftari. Nikipiga simu usiniambie "ilikuwa sawa tu, dokta". Sawa ni ngapi?

Wapo waliogeuka upande wa pili: kila kitu simu. Hapana. Mguu wa mgonjwa wa sukari lazima uvuliwe soksi mbele yangu, na damu ya kupima figo haipiti kwenye mtandao. Kifua kikibana au mdomo ukienda upande, usingoje simu wala tarehe ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Na simu janja? Si lazima, kitochi kinatosha. Tatizo ni namba mnazoacha mapokezi. Ukiandikisha ya binti yako aliyeko Dar, tutampigia yeye, na yeye hajui jana ulimeza nini.