Kipato kikubwa sio utajiri, tusichanganye

Kuna kauli imenichosha masikio. Ikitajwa tu familia ambayo mume ana ajira na mke ana ajira, lazima atokee mtu aseme "aah, hao ni matajiri bana". Kwenye kamati za harusi ndo usiseme, mtu anapangiwa kiwango cha mchango hata hajafungua mdomo, eti kwa sababu wote wawili wanafanya kazi za ofisini. Na siku hizi watu wamejifunza msemo wa kitaalamu, kipato cha kaya, basi wanajumlisha mishahara miwili, wanapata namba nene, wanatoa hukumu.

Maana zenyewe ni fupi. Kipato ni hela inayoingia ndani ya muda fulani, iwe mwezi au mwaka: mshahara, faida ya duka, kodi ya wapangaji, mauzo ya mazao. Kipato cha kaya ni hichohicho, ila unajumlisha cha wote wanaoishi humo. Utajiri ni mlichonacho leo hii, nyumba, kiwanja, mifugo, hisa, akiba, halafu toa mnachodaiwa. Basi, imeisha. Ukitaja namba na ikabidi uongeze "kwa mwezi" ili tukuelewe, hicho ni kipato, usibishane na mtu.

Sasa twende kwenye hesabu, maana bila hesabu utaambiwa unatetea wenye nazo. Chukua mke na mume wa Tanzania bara, sekta binafsi, kila mmoja mshahara wake ni milioni 3 kwa mwezi, posho hamna, na wote walisoma chuo kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu ambao bado wanaulipa. Kaya ya milioni 6 hiyo, mtaani wanaitwa maboss. Kwa kila mmoja, NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa kuwekea uzeeni, inachukua asilimia 10, laki 3. Inabaki 2,700,000 na hiyo ndo inayokatwa kodi. Milioni ya kwanza, ukijumlisha madaraja yake yote ya chini, inakatwa 128,000, na kinachozidi milioni kinakatwa asilimia 30, kwa hiyo ile 1,700,000 inaondoka na 510,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, jumla 638,000. Bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara, 450,000. Anabaki na 1,612,000 mkononi, zidisha mara mbili unapata 3,224,000. Ile milioni 6 iliyowapa jina mtaani, karibu nusu yake haijawahi hata kuonja akaunti zao.

Na hapo benki hatujaigusa. Mwenye mshahara wa uhakika anakopesheka, na anayekopesheka Dar hii kukopa ni suala la muda tu, mara kiwanja mara gari mara kumalizia kupaua, marejesho miaka sita saba. Kwa watumishi wa umma imebidi kuwe na sharti kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili, mtu abaki na theluthi moja ya mshahara wake. Ukiona mpaka serikali inakuwekea kiwango cha chini cha kubaki nacho, jua watu walikuwa wanafika huko chini kabisa, na wote hao kwenye karatasi wana kipato kilekile cha kuitwa matajiri.

Ila hapa kuna kitu kinaniudhi hata kwa wale wanaojifanya wameelewa. Wanaangalia salari slipu, wanaona makato, wanasema "yote hasara, wamemaliza hela ya mtu". Hapana. Makato yale matatu yanafanya kazi tatu tofauti kabisa na ukizichanganya hujaelewa kitu. PAYE imeenda, hairudi kwako kama mali, utaiona barabarani au hutaiona. NSSF haijaenda popote, ile laki 3 ni yako, na mwajiri naye anaweka fungu lake mpaka jumla inafika asilimia 20 ya mshahara, kwa hiyo mwezi huo umepungukiwa kipato cha mkononi lakini utajiri wako umepanda, tatizo tu huwezi kuushika mpaka ufikie masharti yao. Na zile 450,000 za bodi zinapunguza deni, yaani kama ulikuwa chini ya sifuri unapanda kuelekea sifuri. Hamna anayekupigia makofi kwa kufika sifuri ila ni utajiri huo unaukaribia, hata kama tumboni huusikii.

Ndo maana zile kelele za kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu, mwaka 2018, zikarudi tena 2022, zilikuwa kubwa kiasi kile. Wengine walisema watumishi wanalialia wakati mishahara yao haijaguswa. Ni kweli mishahara haikuguswa, kilichoguswa ni ule mkupuo wa mwisho, fungu ambalo mtu amelijenga miaka thelathini na ameshalipangia nyumba kijijini. Ukimgusa mtu hapo umemgusa utajiri wake, sio kipato, na anayefikiri kwa kipato tu hawezi kuelewa watu walikuwa wanalilia nini.

Mfano mwingine ni ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo kwa wadaiwa wa bodi. Ilivyotangazwa kufutwa Mei Mosi 2021, mshahara wa mtu haukuongezeka hata shilingi na makato ya asilimia 15 yalibaki palepale, kwa hiyo kipato cha kaya ukikipima Aprili na ukikipima Agosti unaona hamna jipya lililoletwa na kufutwa huko. Lakini deni liliacha kunenepa. Kuna watu walikuwa wanalipa kila mwezi na wakiomba taarifa ya deni wanakuta salio linashuka kwa kusuasua mno. Hao hali yao ilibadilika kabisa na takwimu ya kipato isingekuonyesha chochote.

Na wala tusijifanye huu ni uzungu umeletwa na vitabu vya uchumi. Muulize sheikh yeyote wa mtaani kwako habari za zaka ya mali. Hakuulizi kwanza unalipwa shilingi ngapi. Anakuuliza kilichobaki mkononi mwako kimefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali cha kutolea zaka, ambayo kwa dhahabu huwa wanaitaja kuwa kama gramu 85, na je kimepitiwa na mwaka mzima? Kama kimefika na mwaka umepita, unatoa asilimia 2.5. Nyumba unayoishi haihesabiwi, nguo zako hazihesabiwi. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioona mshahara nao utolewe zaka ukipokelewa tu, na kwenye madeni pia kuna mitazamo tofauti, siingii huko, mi sio wa kufundisha fiqhi. Ninachosema ni kwamba kwa utaratibu waliokulia watu wengi wa pwani, mtu anaweza kupokea mamilioni kila mwezi, yakaisha yote kabla ya tarehe ya mshahara unaofuata, mwaka ukapita na sheikh akamwambia huna kitu cha kutolea zaka. Wakati TRA, yaani mamlaka ya mapato, kwa mtu huyohuyo wameshachukua laki sita zao kila mwezi. Mmoja anaangalia kinachopita, mwingine anaangalia kilichotulia, na hawagombani kwa sababu wanapima vitu viwili.

Siasa zetu nazo ziliijua tofauti hii zamani. Azimio la Arusha la 1967 lilipoweka miiko ya viongozi halikuishia kusema kiongozi asiwe na mishahara miwili. Lilisema pia asiwe na hisa kwenye makampuni na asiwe na nyumba za kupangisha. Waliona kwamba ukimbana mtu kwenye mshahara peke yake hujagusa kinachomfanya awe bwana mkubwa, maana hisa na nyumba zinaendelea kuzaa hata yeye akiwa amelala. Baadae Zanzibar 1991 CCM wakailegeza miiko hiyo, hiyo hadithi nyingine ndefu na ina wenyewe. Hata leo viongozi wa umma kila mwaka mpaka tarehe 31 Desemba wanatakiwa wapeleke kwa Sekretarieti ya Maadili tamko la mali na madeni. Angalia kinachotakiwa, mali NA madeni. Nani angeridhika kiongozi akiandika "mshahara wangu ni huu" akakunja karatasi?

Halafu kuna hilo neno kaya, ambalo nalo linasema nusu ya habari. Kwenye takwimu kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja, na Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Sawa. Sasa yule mama mkwe aliyeko Songea anayenunuliwa dawa za presha kila mwezi yuko kaya gani? Mdogo wa mume aliyeko chuo Mbeya, ambaye hela ya kula inatumwa kwa simu kila Jumatatu? Hao hawali chungu kimoja na hawa, kwa hiyo kwenye hesabu hawamo, ila hela inatoka ileile. Unagawa milioni tatu na ushee kwa watu wanne unasema kila mmoja ana laki nane, wakati ukweli inalisha kumi. Na ndo tofauti ya mtu aliyezaliwa kwao wakamwachia nyumba na huyu aliyezaliwa kwao wakamwachia wadogo zake, mshahara wao unaweza kuwa sawa mpaka senti ya mwisho.

Geuza upande wa pili sasa, maana kuna wanaoenda mbali wanasema basi kipato si chochote. Nayo si kweli. Yupo mzee ana eka kadhaa Bunju alizonunua enzi hizo watu wanamcheka kwamba amenunua pori, leo hiyo ardhi ukiipiga bei ni hela ya kutisha, ila mzee nauli ya kwenda hospitali anamsubiri mtoto amtumie. Au mfugaji mwenye ng'ombe mia mbili, ambapo mmoja tu mnadani Pugu ni laki kadhaa mpaka milioni na zaidi, ukienda kumuuliza kipato chake kwa mwezi atakuangalia tu, hana cha kukujibu, pengine mwezi huu hajauza hata mmoja. Ukimweka kwenye jedwali la kipato anakaa chini kabisa na walinzi wa usiku. Ukiangalia zizi ni habari nyingine. Ila ukame ukipita vibaya mwaka mmoja, nusu ya utajiri huo imelala porini, kwa hiyo mali nayo ina mambo yake.

Wanaoitofautisha vizuri kuliko wachumi wote ni watu wa daladala. Konda kutwa nzima anashika noti, ukimwangalia saa mbili asubuhi kutoka Gongo la Mboto utasema huyu ndo mwenye hela humu ndani. Lakini muulize, atakwambia anatafuta hesabu ya tajiri, yaani kile kiwango cha kumpelekea mwenye gari kila siku. Tajiri ni yule asiyeonekana kituoni, mwenye gari, anayeletewa hesabu jioni, na mafuta yakishatoka na hesabu ikishatoka dereva na konda wanagawana kilichobaki. Hakuna konda anayejiita tajiri eti kwa sababu laki tatu zimepita mkononi mwake leo. Wenye mishahara mikubwa na sisi tunaowatazama tungekuwa na akili hiyo ya konda, mabishano mengi yangeisha, maana mfanyakazi wa milioni 3 mwenye mkopo wa gari, mkopo wa bodi na nyumba ya kupanga, na yeye kutwa anatafuta hesabu za watu.

Swali linalosaidia kidogo ni hili, mishahara yote ya nyumba hiyo ikikatika kesho, wanaendelea kuishi hivihivi kwa muda gani bila kuuza kitu wala kukopa? Wengi wa hao mnaowaita matajiri jibu lao ni wiki kadhaa, wengine mwisho wa mwezi tu. Mama mwenye vyumba sita Mbagala, anapokea elfu sitini sitini, laki tatu na sitini kwa mwezi, na yeye sio tajiri tusidanganyane, ila nyumba ni yake na hadaiwi, akiumwa miezi mitatu kodi inaingia palepale.

Sio kwamba milioni 6 ni hela ndogo. Ni kubwa, wengi wetu hatujawahi kuiona, na mwenye kipato hicho ana njia ya kufika kwenye utajiri ambayo mwenye laki mbili hana, hata ajibane vipi. Kwa hiyo sisemi muwaonee huruma. Nasema tu mwite kwa jina lake. Sema "wale wanalipwa vizuri". Mbona ni sifa nzuri, haimkosei mtu, na hutakuwa umesema chochote kuhusu viwanja vyake au madeni yake ambayo huyajui.