Ng'ombe anashinda malishoni, mbona anakonda?

Kila ifikapo Agosti huku Simiyu, simu ninazopokea zinafanana. Ya karibuni ilitoka kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe arobaini wa asili: "Daktari, ngitili yangu bado ina nyasi tele, lakini mbavu za ng'ombe zinahesabika." Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa ili nyasi zake ziliwe kiangazi. Nilipofika sikuanza na nyasi, nilianza na mavi. Yalikuwa magumu, yamekaa tabaka juu ya tabaka, na nilipoyavunja vijiti vya nyasi vilikuwa bado vizima. Ng'ombe wale walikuwa na upungufu wa protini.

Kinachomeng'enya nyasi hasa ni vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa la ng'ombe, navyo haviwezi kuzaliana bila naitrojeni, ambayo huipata kwenye protini ya malisho. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama huacha kula kwa sababu tumbo bado limejaa. Nyasi zilizokomaa na kukauka zikiwa zimesimama, kama zile za ngitili, mara nyingi hubakiwa na asilimia 3 au 4 tu. Ndiyo maana ng'ombe anarudi zizini ameshiba na bado anakonda.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 akila kilo 5 za nyasi kavu zenye protini ya asilimia 4, anapata gramu 200. Ili afike asilimia 7 anahitaji gramu 350, kwa hiyo pengo ni gramu 150. Mashudu ya pamba (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) yasiyoondolewa maganda yana protini ya karibu asilimia 25, maana yake gramu 600 zinaziba pengo hilo. Mimi hushauri robo tatu ya kilo kwa siku, kwa kuwa vijidudu vikishapata nguvu ng'ombe ataongeza kula nyasi. Faida yenyewe iko hapo: mashudu kidogo yanamfanya atumie nyasi ambazo tayari unazo.

Pumba za mahindi zinawapotosha wengi. Ng'ombe anazipenda na gunia ni rahisi kupatikana, lakini ukimjazia pumba anaacha nyasi na kungoja ndoo. Umebadilisha chakula tu, hukuongeza. Katika malisho makavu tanguliza protini, pumba zije baadaye.

Yurea, ile mbolea ya naitrojeni ambayo vijidudu vya tumboni huweza kuitumia badala ya protini, ni nafuu, nami siikatai, ila naiogopa kwa haki. Isizidi gramu 30 kwa kila kilo 100 za uzito wa mnyama kwa siku, izoeshwe polepole kwa wiki mbili au tatu, na ichanganywe vizuri na molasi au pumba. Ndama ambaye tumbo lake kubwa halijakomaa asipewe kabisa. Hatari kubwa ni mvua kunyesha kwenye hori: yurea inayeyuka, ng'ombe anakunywa maji yale, na amonia inayotokana nayo inaweza kumuua ndani ya saa chache. Nimekuta mizoga ya namna hiyo, na mwenye mali alikuwa mtu makini. Kama hori lako halina paa, nunua mashudu.

Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa, fikiria upungufu wa fosforasi, wala usidhani magadi yatatosha. Mifupa ya mizoga inaweza kubeba sumu ya botulizimu. Chumvi yenye fosforasi huonyesha faida zaidi masika, protini ikiwa ya kutosha; kiangazi pesa yako ianzie kwenye mashudu.

Je, uwalishe wote? Hapana. Dume utakayebaki naye hadi masika mzuie tu asipoteze uzito, maana nyasi mbichi zikija atakua upesi na kufidia sehemu kubwa ya alichopoteza. Kumnenepesha kiangazi kuna maana kama unamuuza kiangazi hicho hicho, bei ikiwa nzuri. Wa kutangulizwa ni mitamba wenye mimba ya kwanza na majike wanaonyonyesha, kwa sababu jike aliyekonda sana huchelewa kupata joto (kutaka dume), na mwaka mzima unapita bila ndama.

Yule mzee tulichagua majike kumi na moja na kuwatengea hori lao, wengine waendelee na ngitili. Alitaka pia kuuza madume mawili ili anunue mashudu ya miezi mitatu. Nilimwambia awauze wiki hii hii, kabla hawajakonda zaidi.