Kabla Hujaleta Lenzi Isafishwe: Dhana Potofu Kuhusu Hudi

Wapigapicha wanaoleta lenzi kwenye meza yangu ya ufundi hapa katikati ya jiji la Nairobi hueleza tatizo lao kwa maneno yanayofanana sana: picha zimefifia, weusi umegeuka kijivu, rangi hazina nguvu, na kwa hivyo lenzi imeingia ukungu na sharti ifunguliwe. Nikiimulika kwa tochi kutoka upande wa nyuma, mara nyingi nakuta vioo vyote ni safi, na hapo ndipo huuliza iko wapi hudi, yaani kikingio kinachofungwa mbele ya lenzi. Jibu ninalopewa nimelichoka: "Hudi ni ya jua, na siku hiyo hapakuwa na jua."

Hiyo ndiyo dhana sugu kuliko zote. Kazi ya hudi ni kuzuia mwanga unaotoka nje ya fremu, yaani nje ya eneo linaloonekana katika picha, usifike kwenye kioo cha mbele. Mwanga huo hauchangii chochote katika picha, lakini ukishaingia hudunda kutoka uso mmoja wa kioo hadi mwingine, hugonga kuta za ndani za lenzi, na hatimaye hutua juu ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ukiwa umetawanyika, ukiacha weupe hafifu kila mahali. Sehemu angavu za picha hazionyeshi madhara makubwa. Giza ndilo linaloharibika, kwa kuwa mwanga kidogo ukiongezwa mahali palipopaswa kuwa peusi huonekana mara moja. Sensa haijui kama mwanga huo umetoka kwenye jua, kwenye taa au kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Mwezi wa Julai, jiji linapofunikwa na mawingu siku kutwa, anga lote hugeuka kuwa taa moja kubwa nyeupe, na anayempiga picha mtu aliyesimama kivulini, huku anga hilo likiwa juu kidogo ya fremu, atapata picha iliyopauka ingawa hakuliona jua tangu asubuhi. Mahema meupe ya harusi ni mabaya zaidi. Mpigapicha hujiona yuko salama kwa sababu amekingwa na jua, ilhali kitambaa cha hema kinang'aa juu yake na pande zake zote, na bwana harusi aliyevaa suti nyeusi anatoka na suti ya kijivu. Usiku nako kuna taa za barabarani, taa za magari na taa za jukwaani, ambazo zikiwa nje kidogo tu ya fremu huacha madoa ya rangi na michirizi ambayo mteja wako hatakuwa na subira ya kusikia ilikotoka.

Kinachoshangaza ni kwamba wenye dhana hii huikumbuka hudi saa sita mchana, wakati ambapo jua lenyewe ndilo tishio dogo. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi, na kamera iliyoshikwa sawasawa haipokei miale yake moja kwa moja kwenye kioo. Hatari ya jua ni kuanzia saa kumi na moja jioni, linapoinama na kuanza kuigonga lenzi kutoka mbele kwa mshazari. Hata hivyo, jua likiwa ndani ya fremu yenyewe, hudi haina msaada wowote, na hakuna hudi ya bei yoyote itakayobadilisha jambo hilo.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi, fanya jaribio hili. Shika kamera kama unavyoishika kazini, kisha nyoosha kiganja cha mkono mwingine juu ya lenzi na pembeni mwake, kikae nje ya fremu, kama mtu anavyojikinga macho akitazama mbali. Ukiona weusi umerudi, lenzi yako ni nzima na kinachokosekana ni hudi. Kama hakuna kinachobadilika, basi ilete, kwa sababu kuvu na ukungu ndani ya lenzi ni mambo ya kweli, hasa kwa lenzi zilizokaa muda mrefu katika unyevu wa Pwani.

Wapo wanaojibu kwamba lenzi za kisasa zina utando wa kuzuia mng'ao, kwa hiyo hudi ni masalia ya enzi za filamu. Ni kweli kwamba kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso, na kwamba utando mzuri hupunguza kiasi hicho hadi chini ya asilimia 1. Lakini hesabu nyuso zenyewe: lenzi ya Canon EF 24-70mm f/2.8L II ina vioo 18 katika makundi 13 (vioo vilivyogundishwa pamoja ni kundi moja), yaani nyuso 26 zinazokutana na hewa. Filta ya UV, kile kioo cha ziada unachokifunga mbele "kwa ajili ya ulinzi", inaongeza nyuso mbili, tena mahali penye mwanga mwingi kuliko pote. Kama unachoogopa ni lenzi kugongwa, hudi ya plastiki hupokea pigo kabla ya kioo, na haiongezi uso hata mmoja.

Dhana nyingine ni kwamba hudi yoyote inayoingia inafaa. Hudi hukatwa kulingana na pembe ya mwono wa lenzi. Zile za petali, zenye ncha kama za ua, zina mapengo kwenye pembe nne kwa sababu picha ni ya mstatili na lenzi huona upana zaidi kuelekea pembe za mstatili huo. Ukiifunga ikiwa imepinda, petali huingia ndani ya fremu na kutia pembe giza. Lenzi ambazo sehemu ya mbele huzunguka wakati wa kutafuta fokasi zinahitaji hudi ya duara. Kwa lenzi za zumu, zinazoweza kuvuta picha karibu au kuipanua, hudi hupimwa kwa upande mpana, na ndiyo maana ulinzi wake hupungua ukivuta karibu. Canon hawaweki hudi kwenye boksi la 50mm f/1.8 STM, inayotakiwa ni ES-68, na ukinunua ya kuiga, hakikisha umbo lake ni hilohilo. Ukinunua ya kuzungusha kama skrubu mbele ya lenzi, piga picha ya ukuta mweupe ukiwa kwenye upana wa mwisho, kwa f/11 (tundu dogo la lenzi), uone kama pembe zimeingia giza, kisha rudia ukiwa na filta, kwa sababu filta huisogeza hudi mbele.

Kwamba hudi hupunguza mwanga hadi ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) ipandishwe, si kweli: hudi sahihi haigusi mwanga unaounda picha. Kuhusu wale wanaopiga harusi nzima hudi ikiwa imegeuzwa nyuma, ikiziba pete ya zumu na isizuie mwanga wowote, sina la kuongeza isipokuwa kwamba kuigeuza huchukua sekunde mbili.

Nyakati za kuiondoa zipo. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera hutupa kivuli cha hudi chini ya picha. Juu ya paa la jengo refu la KICC, au popote penye upepo, hudi ndefu kwenye kamera iliyo juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu) hushika upepo na kuitikisa picha inayopigwa kwa muda mrefu.

Binafsi humshauri kila mteja awe pia na hudi ya mpira inayokunjika, ambayo wengi huidharau kwa sababu haina sura ya kitaalamu. Ukiwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na dirisha limefungwa, ibandike kwenye kioo cha gari na taswira za vitu vya ndani ya gari zinazoakisiwa na kioo zitapotea. Zima injini kwanza, kwani mtetemo wake hupita kwenye kioo hadi kwenye lenzi.