Je, wajua kwa nini Uasin Gishu nusura iwe makao ya wakimbizi wa Kiyahudi?

Anayesafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret, akishapita Timboroa na kuanza kuyaona mashamba ya ngano, huenda asijue kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa nchi hii Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa katika milki ya Urusi. Vitabu huuita mpango wa Uganda, kwa sababu eneo hili lilihesabiwa kuwa la Uganda hadi Aprili 1902.

Wazo lilitoka kwa Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, aliyeizuru Afrika Mashariki mwishoni mwa 1902. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa imekula mamilioni ya pauni, na bila wakulima wa kuipa mizigo isingeweza kujilipia. Isitoshe, huko London watu walikuwa wakinung'unika kwamba wakimbizi wa Kiyahudi wameujaza upande wa mashariki wa jiji, na mwaka 1905 Bunge likapitisha sheria ya kuwapunguza wageni. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa ukarimu wa mtu anayemkaribisha mgeni katika nyumba ya jirani.

Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao liwe na nchi yake, aliufikisha mpango huo mbele ya mkutano wao mjini Basel mwezi Agosti 1903, miezi minne tu baada ya mauaji ya Wayahudi wa Kishinev, mji wa milki ya Urusi. Kura 295 zilikubali tume itumwe kuikagua ardhi, 178 zikakataa, na wajumbe wengi wa Urusi wakatoka ukumbini kwa uchungu. Wajumbe wa Kishinev wenyewe, ambao ndio hasa waliohitaji kimbilio, walikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa kuwa hawakutaka nchi nyingine ila Palestina. Huku Nairobi nako walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele, walipinga kwa sababu zao: ardhi nzuri waliitaka wao.

Mapema mwaka 1905 wajumbe watatu wa tume hiyo, Mwingereza, Mswisi na mhandisi Myahudi aliyezaliwa Urusi, walishuka garimoshi Nakuru wakapanda uwandani kwa miguu pamoja na wapagazi. Mhandisi huyo, Nahum Wilbusch, hakuona lolote la kumfaa mkimbizi. Herzl alikuwa ameshafariki, na mkutano wa mwaka huohuo ukaukataa mpango moja kwa moja.

Katika mabishano yote hayo wenyeji hawakupewa nafasi ya kusema. Maofisa waliona nyasi zisizo na watu wakaandika kwamba nchi ni tupu, ilhali vita vya karne ya 19 ndivyo vilivyowaondoa Wamaasai wa Uasin Gishu, na Wanandi walikuwa wakiitumia kwa malisho. Oktoba 1905 Waingereza walimuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ulishuka Nakuru, ukafunga maksai kwenye magari na kuelekea uwandani, ambako serikali ileile iliwagawia mashamba.