Bawa lipi liko chini? Kujiandaa na mtihani wa uwezo wa urubani jeshini

Kila mtahiniwa ninayempokea, kabla hatujafungua kitabu, namwekea picha moja mezani. Ni mandhari kama anavyoyaona rubani kupitia kioo cha mbele: bahari, nchi kavu, na mstari wa upeo wa macho uliopinda, upande wa kulia umepanda na wa kushoto umeshuka. Namwuliza: bawa lipi liko chini? Wengi hujibu la kushoto, tena bila kusita, kwa kuwa mstari umeshuka kushoto. Jibu ni la kulia.

Sababu ni hii. Ukiwa ndani ya ndege, wewe, kiti na dirisha mnalala pamoja. Kwa macho yako ndege haijapinda, dunia ndiyo iliyopinda. Ndege ikilalia kulia, ardhi inapanda upande wako wa kulia, kwa hiyo bawa lililo chini ni la upande ambao upeo umepanda. Pua ya ndege nayo ina kanuni yake: upeo ukionekana chini kwenye kioo, pua imeinuka, upeo ukiwa juu, pua imeshuka. Kinachobaki ni uelekeo, na huo unausoma kwenye ufukwe. Ukikatiza mbele yako huku maji yakiwa ng'ambo yake, unaelekea baharini. Ukinyooka kutoka miguuni pako kwenda mbele, nchi kavu ikiwa kushoto, unafuata pwani.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu ndipo watu wenye akili nyingi wanapoanguka. Niliwahi kumfundisha kijana aliyejua ndege kuliko mimi. Ukimtajia ndege ya kivita anakupa injini yake, kasi yake na mwaka ilioruka mara ya kwanza. Katika zoezi la picha 25 alipata 9. Alikuwa anazitazama kama mtu aliyesimama uwanjani akiangalia ndege inapita. Tuliacha vitabu wiki nzima. Alifungua kiganja mbele ya uso, vidole vikielekea mbele, na kwa kila picha alikilaza kiganja mpaka kifanane na alichokiona: kwanza mlalo wa mabawa, kisha pua, mwisho uelekeo. Mpangilio huo una maana, kwani mlalo peke yake mara nyingi hukuondolea majibu kadhaa kati ya unayopewa kuchagua, kabla hujafikiria kitu kingine. Siku ya nane hakuhitaji mkono tena.

Majeshi yalianza zamani kupima mambo haya, na hayakuanza kwa kubuni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, John C. Flanagan aliongoza wanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani kutengeneza mitihani ya kuchuja wanaotaka urubani, na matokeo yakawekwa kwenye ngazi ya 1 hadi 9 iliyoitwa stanini. Kisha wakafanya jambo ambalo leo lingehitaji ujasiri: waliwaingiza mafunzoni vijana zaidi ya elfu moja bila kujali alama zao. Wa ngazi za chini waliondolewa kwa wingi, na wa ngazi za juu wengi wakahitimu. Ndiyo maana siwaambii wanafunzi wangu kwamba mtihani huu ni kikwazo cha makaratasi. Unagusa uwezo ambao mkufunzi atautaka kwako ukiwa angani.

Tuje kwenye muda. SIFT, mtihani wa jeshi la nchi kavu la Marekani kwa wanaotaka urubani, una sehemu ya michoro 100 kwa dakika 2. Kila swali lina michoro mitano, mmoja ni tofauti, uutaje. Nyingine ni ya maumbo yaliyofichwa ndani ya mistari, maswali 50 kwa dakika 5. AFOQT, mtihani wa jeshi la anga la Marekani, inakupa maswali 25 ya kusoma ala za ndege kwa dakika 5, yaani sekunde 12 kwa swali. Ukisoma kwa kujinafasi hutafika popote. Tangu siku ya kwanza fanya mazoezi na saa ikikimbia, hata kama unakosea. Usahihi bila saa humdanganya mtu, nami nimeshawaona waliodanganyika hivyo wakilia mlangoni.

Na nafasi za kurudia ni chache. SIFT huruhusiwi kuifanya zaidi ya mara mbili maishani, na ukishafaulu huirudii ili kupandisha alama. ASTB, mtihani wa jeshi la majini la Marekani na kikosi cha Marine, ni mara tatu. Kwa hiyo ushauri wa "kaonje kwanza uone ulivyo" ni ushauri mbaya sana. Usikubali.

Katika maarifa ya urukaji, kukariri hakutoshi, maana maswali hugeuzwa. Chukua stoli. Wengi hudhani ni injini kuzima. Stoli hutokea pembe kati ya bawa na hewa inayolijia inapozidi kiasi, kwa mabawa mengi kama digrii 15 hadi 20. Hapo hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kuinua huporomoka, hata injini ikinguruma kwa nguvu zote. Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini kona kali ni ya hatari: ndege ikilala digrii 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili, na kasi ya stoli hupanda kwa takriban asilimia 41. Swali likija kwa sura yoyote utalitambua.

SIFT inaegemea helikopta, kwa hiyo zijue. Kolektivu, wenzo wa mkono wa kushoto, hubadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja, ndiyo inayokupandisha na kukushusha. Saikliki, wenzo ulio mbele yako, huinamisha duara la mapanga upande unaotaka kwenda. Pedali husimamia panga la mkia. Sasa jiulize: helikopta ambayo mapanga yake, yakitazamwa kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa, ukivuta kolektivu juu, pua itataka kwenda wapi? Kulia, kinyume na mzunguko wa mapanga. Utakanyaga pedali ya kushoto. Jieleze kwa sauti mpaka ujibu bila kusitasita.

Hesabu na umakanika ni vya sekondari: sehemu, asilimia, nyenzo, kapi, giya. Giya yenye meno 20 ikisukuma ya meno 40, ya pili huzunguka nusu ya kasi, tena kwa upande mwingine. Zoea pia kwamba noti 120, yaani maili 120 za bahari kwa saa, ni maili 2 za bahari kwa dakika. Hapa sina mengi, fanya mazoezi ya kila siku tu.

Sehemu ya ASTB yenye stiki na visikizi ndiyo huwashtua watu. Unasikia herufi na namba katika masikio yote mawili, unaambiwa ufuate sikio moja, na baadaye mikono inafukuza shabaha kwenye skrini huku sauti hizo zikiendelea. Ukiwa nyumbani weka sauti mbili tofauti, moja kila sikio, ufuate moja huku mkono ukifanya kazi nyingine ya makini. Dakika 15 zinatosha, kisha pumzika.

Kabla ya hapo kuna swali la ramani na kamera: ndege isiyo na rubani inaelekea upande fulani, nawe uonyeshe haraka egesho la magari la kaskazini, kusini, mashariki au magharibi kwenye picha ya kamera yake. Juu ya picha siku zote ni kule ndege inakoelekea. Ikielekea mashariki, kaskazini iko kushoto kwako. Ikielekea kusini, kaskazini iko chini ya picha. Ukipewa karatasi ya kuandikia, chora dira kubwa mapema, na kila swali likija izungushe karatasi mpaka uelekeo wa ndege uwe juu, ndipo ubonyeze jibu.