Filamu za majoka na mazimwi: yanayosemwa sebuleni na ukweli wake

Desemba inapofika na Wachaga wa Dar es Salaam kurudi Moshi kula sikukuu, nyumba za Majengo na Pasua hujaa watoto wa kila umri, na flashi huzunguka nyumba hadi nyumba. Mtu hupita kibandani karibu na stendi akajaziwa filamu kumi "za familia", na jioni televisheni huwashwa bila yeyote kuuliza kilichomo. Anayeuliza hujibiwa kwa dhana kadhaa ambazo nimezisikia mara nyingi, nyingine nikiwa nimezitamka mwenyewe.

Inayotangulia zote ni kwamba katuni ni za watoto. Katuni ni namna ya kutengeneza picha tu, na haisemi lolote kuhusu kinachosimuliwa. Nchini Uingereza, katuni ya sungura iitwayo Watership Down ilipewa mwaka 1978 daraja la U, yaani inamfaa kila mtu, ingawa ina sungura wanaoraruana hadi damu kutoka. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla bodi ya huko haijaipandisha hadi PG.

Dhana ya pili inahusu herufi hizohizo. Wengi huamini kuwa PG ni ruhusa, ilhali maana yake ni kwamba mzazi anatakiwa kuwa mwangalizi, kwa kuwa baadhi ya yaliyomo huenda yasimfae mtoto. Huko Marekani mwaka 1984, Indiana Jones and the Temple of Doom na Gremlins zilitoka zote zikiwa na PG, wazazi wakalalamika, na mwaka huohuo likaanzishwa daraja la PG-13, linalomwonya mzazi zaidi kuhusu watoto wa chini ya miaka 13. Kwa hiyo PG ya filamu iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kubeba mambo ambayo leo yangewekwa daraja la juu zaidi. Hapa nchini, kazi ya kuhakiki filamu na kuzipangia madaraja ni ya Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, lakini faili lililonakiliwa kwenye flashi kwa kawaida halifiki na daraja lolote.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile ya kusema, "Mwambie tu si kweli, ataacha kuogopa." Mwaka jana mpwa wangu wa miaka mitano aliangalia pamoja nasi filamu ambayo joka lenye macho ya manjano hutokea ghafla pangoni, na kwa kuwa choo cha nyumba ile kiko nje, usiku ule aligoma kabisa kupita kwenye gunia la mahindi lililokuwa kibarazani. Nilimweleza mara tatu kwamba joka limetengenezwa kwa kompyuta. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akaning'ang'ania kanga. Mtoto wa umri huo huogopa kinachoonekana na kusikika, yaani sura, meno na mngurumo, na maelezo hayafuti picha aliyokwisha kuiona. Kinachomtuliza ni kushikwa mkono, taa kuwashwa na sauti kupunguzwa. Dada yake wa miaka kumi hakulijali joka hata kidogo. Yeye alisumbuliwa na tukio fupi la mama kupotezana na watoto wake sokoni, jambo ambalo sisi watu wazima hatukulitilia maanani, kwa sababu kuanzia miaka minane hivi mtoto huanza kuogopa zaidi yale yanayoweza kumpata kweli. Filamu moja, sebule moja, hofu mbili tofauti.

Wapo pia wanaodhani kuwa sehemu ya kwanza ikifaa, zinazofuata zinafaa. Filamu ya kwanza ya Harry Potter, ya mwaka 2001, ilikuwa PG nchini Marekani, na ya nne, ya mwaka 2005, ikawa PG-13: mhusika amekua, na hadithi imekuwa nzito pamoja naye. Na filamu iliyotafsiriwa na DJ haiwi laini kwa kuwa inasikika kwa Kiswahili. Picha ni ileile, na DJ mwenyewe wakati mwingine huongeza matusi ambayo hayakuwamo.

Kinyume chake, sikubaliani na wanaofungia kila filamu yenye mchawi au zimwi. Bibi zetu kule Kibosho walitusimulia habari za irimu mla watu huku ndizi zikiiva jikoni, nasi tulilala. Lakini bibi alikuwa akitutazama usoni, na akiona mtoto amekodoa macho aliharakisha hadi pale irimu anapouawa. Televisheni haina macho hayo, ndiyo maana mtu mzima anapaswa kuitazama filamu kwanza, hasa nusu saa ya mwisho, ambapo vita vikubwa huwekwa, na kuiahirisha hadi mchana akiona inatisha.

Yule mpwa wangu tulimrudishia filamu ile saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi, sauti ikiwa chini na rimoti ikiwa mkononi mwake. Joka lilipotokeza kichwa alibonyeza kitufe, likaganda mdomo wazi, naye akaenda kumalizia uji wake.